Daktari Jerusha Kerubo na Utafiti Alionyang'anywa

Wapendwa waombolezaji, mliotoka kazini na mliotoka zamu ya usiku bila kulala, familia ya Mzee Samwel Momanyi na familia ya Ombati zinawashukuru kwa kufika hapa Abu Hamour, Doha, kumuaga mpendwa wetu kabla hajasafirishwa kwenda kuzikwa nyumbani, na zimeomba historia yake isomwe yote jinsi ilivyokuwa, hata pale inapochukiza.

Daktari Jerusha Kerubo Momanyi alizaliwa tarehe 3 Juni 1990 huko Nyamira, mtoto wa tatu wa Mzee Samwel na Mama Millicent Moraa, akasoma shule ya msingi hapo hapo nyumbani, akafanya mtihani wa kidato cha nne Kisii mwaka 2007, kisha akasomea udaktari Eldoret na kuhitimu mwaka 2014. Kazi ya kwanza aliifanya Kisii, katika wodi ambako wagonjwa wa saratani walilia hadi sauti zikakauka kwa sababu dawa ya kutuliza maumivu ilikuwa imekwisha, naye akatoka huko ameamua kwamba maumivu ndiyo yatakuwa kazi yake. Alirudi chuoni Nairobi mwaka 2016 kusomea nusukaputi, yaani kulaza usingizi wagonjwa wa upasuaji na kutuliza maumivu yao, akamaliza mwaka 2020.

Alifunga ndoa na Bwana Cyrus Ombati tarehe 16 Desemba 2017, wakajaliwa binti mmoja, Stacy, aliyezaliwa tarehe 2 Oktoba 2019. Cyrus alikuwa ametangulia Doha kama fundi wa mitambo ya kupoza hewa katika hoteli moja kule The Pearl, na mnamo Agosti 2021 marehemu na mtoto wakamfuata, wakapanga nyumba Al Thumama, naye akaajiriwa katika hospitali ambayo familia imeamua isitajwe mbele ya jeneza lake.

Mwaka uliofuata alimkuta wodini mlinzi mmoja kutoka Tanga, Bwana Hassani, aliyevunjika nyonga na kufanyiwa upasuaji, akiwa amelala huku jasho linamtoka na kwenye faili lake imeandikwa kwamba hana maumivu, kando yake amesimama mandubu, yule mwakilishi wa kampuni anayeshughulikia karatasi za wafanyakazi. Jerusha alimtoa mandubu nje, akafunga pazia, akauliza kwa Kiswahili, "Kaka, unaumwa kiasi gani?" Hassani akaangalia pazia kwanza. "Naumwa sana, daktari. Lakini nikisema mbele ya yule, ataona sifai kazi tena, nitarudishwa nyumbani."

Hapo ndipo utafiti wake ulipoanzia, kwa swali rahisi kwamba mfanyakazi mgeni anajibu nini kuhusu maumivu yake mbele ya mandubu, na anajibu nini mandubu akiwa hayupo. Aliomba ruzuku ya madaktari wanaoanza utafiti wa maumivu, ambayo humlipia daktari sehemu ya mshahara ili hospitali imwachie siku mbili za wiki za kufanya utafiti, akapewa kuanzia Januari 2023, na siku hiyo alimpigia mama yake simu akicheka na kulia kwa pamoja.

Hospitali ilipokea ruzuku, siku mbili haikumpa. Kila alipokumbusha, alirudishwa chumba cha upasuaji, na profesa aliyekuwa mkuu wa idara akamwambia, "Binti, utafiti ni wa idara, wewe endelea kutibu." Basi akaufanya siku za Ijumaa, siku yake ya mapumziko, na wale mliokuwa mkiuliza mbona Mama Stacy haonekani ibadani, ambayo huku Doha huwa Ijumaa, leo mjue alikuwa anakaa na madereva na wafanyakazi wa nyumbani waliolazwa, akiwauliza mmoja mmoja, huku muuguzi Arafa kutoka Zanzibar akiwazuia mandubu mlangoni.

Matokeo yalipotoka, profesa aliweka jina lake mbele, la Jerusha akalisukuma chini miongoni mwa wanaoshukuriwa, na ile sehemu ya mandubu akaifuta yote ili makampuni yasikasirike. Mei 2024 aliyawasilisha kwenye mkutano wa madaktari, na mgeni mmoja alipouliza kwa nini wagonjwa wengi hivyo walisema hawaumwi, profesa akatabasamu na kujibu kwamba watu wa nchi zile wamezoea shida. Jerusha alisimama kutoka kiti cha nyuma, akasema, "Hawajazoea. Wanaogopa. Mimi ndiye niliyewauliza." Mwenyekiti akatangaza chai.

Jioni ile aliisukuma sahani ya chakula akamwambia mume wake, "Baba Stacy, nimeshikwa na kinyaa, hata koti lao sitaki kulivaa." Alilalamika kwa waliotoa ruzuku, wakamjibu kwamba wao hushughulika na taasisi, si na mtu mmoja mmoja, na Septemba awamu ya pili ya ruzuku yake ikakataliwa kwa madai kwamba hana ushirikiano, fedha wakapewa watu wengine wa idara ile ile kuchunguza migongo ya wacheza gofu. Jerusha alijiuzulu, akaenda kliniki ndogo, akaandika upya matokeo yake pamoja na ile sehemu yote ya mandubu, na jarida moja la madaktari likayachapisha kwa jina lake Februari 2025.

Mwezi uliofuata aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa katika hospitali nyingine ambako alipoulizwa kuhusu maumivu alisema ukweli, na kila mara aliaminiwa, akafariki kwa utulivu tarehe 19 Oktoba 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa Cyrus.

Juzi yule profesa alipiga simu, akaomba apewe nafasi ya kuzungumza leo, na historia hii imtaje marehemu kama msaidizi wake wa utafiti. Cyrus alimjibu, "Kuja, njoo kama mtu mwingine yeyote. Kuzungumza hutazungumza."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtuliza hadi mwisho, majirani wa Al Thumama waliompikia na kumchukua Stacy shuleni, muuguzi Arafa ambaye wodini kwake mandubu sasa husubiri nje, Bwana Hassani aliyeomba ruhusa kazini akaja na mkongojo wake, na wote waliofanya kazi na marehemu kliniki. Kwa wengine shukrani hatuna, na hatutajifanya tunazo.

Jerusha binti Momanyi, Mama Stacy, daktari wetu, umechoka, sasa lala, na amani ya Mungu ikufunike.