Laurentine Ngoie na Seli Zilizobadili Kazi

Baada ya miaka thelathini na miwili katika maabara yetu ya kinga, Mama Laurentine Ngoie anastaafu tarehe 30 Juni 1994. Binti huyu wa fundi wa reli, mkazi wa mtaa wa Makomeno, alianza mwaka 1962 kwa kuosha vyombo vya kioo. Akajifunza kupima makohozi ya kifua kikuu, kisha kulea seli hai, na humo hakuna aliyemfikia. Kahawa yake tu ndiyo iliyotushinda.

Wasio wa maabara waniwie radhi nikieleza kidogo. Seli T saidizi huelekeza seli nyingine. Zikishaamshwa na kijidudu, baadhi huchochea seli zinazomeza vijidudu. Hilo tuliliita kundi la kwanza. Kundi la pili husaidia seli zinazotengeneza kingamwili. Vitabu vyetu vilisema seli ikishachagua kazi, haiiachi.

Septemba 1991, Mama Laurentine aliamsha upya seli za kundi la pili, nazo zikaanza kutoa ishara za kundi la kwanza. Daktari Lucien, mkuu wetu, alimwambia mbele ya sote: "Mama, ulichanganya bichupa tu." Akaamua kumrudisha kwenye kuosha vioo. Mama aliomba jaribio moja la mwisho: "Dokta, weye mwenyewe ficha majina. Miye nitapima bila kujua."

Daktari akazipima seli mpya kujua kundi la kila chupa, akabandika namba tupu badala ya majina, na Mama akaziamsha upya. Kisha mji wetu ukakumbwa na uporaji, umeme ukakatika. Seli zinataka joto la mwili na hewa ukaa. Mama aliweka vyombo kwenye mtungi wa kioo pamoja na mshumaa unaowaka, akafunika. Mshumaa ulipozimika, hewa ukaa ilikuwa imetosha. Mtungi ukakaa katika beseni la maji yaliyopashwa kwa mbabula, jiko la makaa, na Agnès, katibu wetu, akashika kipimajoto.

Siku ya tisa Mama alisoma kwa macho, dirishani, rangi ya kipimo inayoonyesha ishara za seli. Daktari alipofunua majina, kila chupa ya kundi la pili iliyoamshwa upya ilikuwa imebadili kazi. Aliomba radhi mbele ya sote, palepale alipomshutumu.

Hatudai kuwa wa kwanza duniani kuliona jambo hilo. Ila tangu hapo hakuna seli inayotumika hapa kwa kuaminiwa jina la jana, hupimwa kwanza. Mama Laurentine ameacha kanuni hiyo mikononi mwetu.

Asante sana, Mama. Uwe na afya, na miaka mingi ya utulivu nyumbani.