Miaka Ishirini na Saba ya Mama Philomena Okemow Katika Kamati ya Ushauri

Ndugu waombolezaji, wazee wetu wa Ziwa la Misonobari, jamaa mliosafiri kutoka Mdomo wa Mto na kutoka mjini, walimu, wanafunzi, na ninyi wajumbe wa kamati mlioketi pamoja nasi leo, Jumanne, tarehe 8 Machi 2022, familia imenipa mimi, Clifford Maskwa, mtoto wa mdogo wa marehemu, kazi ya kuwasomea maisha yake, na imeniagiza nisipambe wala nisifiche, kwa sababu yeye mwenyewe aliyachukia yote mawili.

Marehemu Mama Philomena Okemow alizaliwa tarehe 11 Februari 1943, katika kambi ya wazazi wake ya kutegea wanyama, mwendo wa siku mbili kwa sleji ya kukokotwa na mbwa juu ya theluji kaskazini mwa ziwa hili, akiwa mtoto wa nne kati ya tisa wa marehemu Mzee Elzear Maskwa na marehemu Mama Justine, na aliyempokea duniani alikuwa bibi yake mzaa baba, Bibi Angelique, mwanamke ambaye hakujua neno lolote la Kiingereza na hakuona sababu ya kulijua.

Septemba 1950, akiwa na miaka saba, alipakiwa pamoja na kaka yake Moise katika ndege ndogo ya serikali iliyotua hapa ziwani, wakapelekwa shule ya bweni ya kanisa iliyokuwa mbali kusini, ambako mtoto aliyesikika akisema Kikrii, lugha yetu, alichapwa, na hakuiona kambi ya wazazi wake tena hadi Julai 1953, alipokuwa amefikisha miaka kumi. Siku aliyorudi, Bibi Angelique alimsalimu, naye akajibu kwa Kiingereza, kwa kuwa ndicho kilichokuja mdomoni, na yule bibi akamgeukia mkwe wake akauliza, "Huyu ni mtoto wa nani mliyeniletea?" Marehemu alitusimulia jambo hilo mara nyingi, na kila mara alisema kwamba fimbo za shuleni alikuwa amekwisha kuzisahau, lakini swali lile hapana.

Alimaliza darasa la nane Juni 1958 na hakuendelea na masomo, akakaa kambini majira matatu ya baridi pamoja na Bibi Angelique, ambaye alikataa kummiminia chai mpaka aiombe kwa Kikrii kilichonyooka, na kama amekosea mwisho wa neno, birika lilirudishwa jikoni. "Kunywa theluji," alimwambia, "maji ni yale yale." Hiyo ndiyo ilikuwa sekondari yake na chuo chake, na alihitimu, kwa maneno yake mwenyewe, siku bibi yake alipommiminia kikombe bila kuombwa.

Kuhusu kazi, mwaka 1962 aliajiriwa kuwa mpishi katika shule ya kijiji, mwaka 1971 akawa msaidizi wa mwalimu, na kuanzia Septemba 1974 hadi Juni 2003 alifundisha Kikrii watoto wa darasa la kwanza hadi la tatu, miaka ishirini na tisa, bila cheti cha ualimu, kwa sababu wakati ule hapakuwa na chuo kilichotoa cheti cha kitu alichokijua.

Tarehe 4 Juni 1964 alifunga ndoa na Mzee Norbert Okemow, dereva wa greda la kusafisha theluji katika barabara yetu, mtu mcheshi aliyemwita mkewe Mena mbele ya mtu yeyote, awe askofu au waziri, na Mungu aliwajalia watoto watano, Rhoda, Gilbert, Yvonne, Stella na marehemu Emile, aliyetutoka akiwa mchanga mwaka 1973, pamoja na wajukuu kumi na wanne na vitukuu tisa.

Sasa nije kwenye kazi ambayo wengi wenu mlimjua kwayo. Mwezi Februari 1995 Chuo Kikuu cha Carrick kilimwandikia barua ya kumwalika katika kamati yake mpya ya kushauri kuhusu elimu ya watu wa asili na uhusiano wa chuo na jamii zetu, kamati ya wajumbe kumi na wawili, watatu tu wakiwa watu wetu, na tarehe 14 Machi alisafiri kilomita mia tatu na arobaini kwenda kikao cha kwanza. Aliombwa afungue kwa sala, akasali, na alipomaliza mwenyekiti wa wakati huo, Profesa Forsgren, mtu mpole asiye na nia mbaya, alimwinamia na kumwambia kwamba chai iko tayari katika chumba cha pili. "Bibi Okemow, sehemu iliyobaki ni mambo ya ofisi tu," alisema, "yatakuchosha." Marehemu akavuta kiti chake karibu na meza. "Nimefundisha watoto wadogo miaka ishirini na moja," akamjibu, "mimi sichoki upesi." Akakaa hadi saa kumi jioni, na kila karatasi iliyopitishwa aliomba asomewe na kuelezwa, sentensi baada ya sentensi, na vikao vitatu baadaye karatasi zikaanza kuandikwa kwa lugha inayoeleweka, jambo ambalo maprofesa wenyewe walimshukuru.

Hata hivyo hakuchukua muda kugundua ugonjwa wa kamati ile. Kamati ilishauri, ushauri ukapanda kwenye baraza la chuo, na huko ukapotea. Alikuwa na daftari la shule lenye jalada la kijani, humo aliandika kila ushauri na tarehe yake, na upande wa pili aliacha nafasi ya jibu, na hadi mwaka 2008 daftari lilikuwa na ushauri arobaini na mmoja na majibu manne. Miaka hiyo alisafiri sana, kwenye vikao na vijijini kuuliza watu wanataka nini, na nyumbani hapakukosa manung'uniko. Rhoda, mtoto wake wa kwanza, alimwambia mezani mbele yetu sote, Krismasi ya mwaka 2006, "Mama, unajua majina ya watoto wa watu wote huku kaskazini, wa kwangu unawachanganya." Tangu siku hiyo mama na binti hawakuzungumza vizuri kwa zaidi ya miaka miwili. Rhoda ameniomba niyasome haya, nami nimeyasoma.

Oktoba 2008 wajumbe walipata habari, kutoka kwenye tangazo lililobandikwa ukutani, kwamba baraza linakusudia kufunga kozi ya walimu wa Kikrii, ile ambayo yeye na wenzake waliihangaikia miaka saba hadi ikaanzishwa, kwa sababu imebaki na wanafunzi sita. Katika kikao cha tarehe 22 mwezi huo mwenyekiti mpya, Dokta Halloran, aliyekuwa amekasirika kama wao, alisema kwa masikitiko, "Lakini sisi ni wa kushauri tu. Hatuamui." Marehemu akasema, "Sawa. Basi tushauri kwa namna ambayo mtu hawezi kusema hakusikia." Akapendekeza kikao kinachofuata kifanyike hapa kijijini, na baraza limtume mtu wake, na pendekezo likapita kwa kura zote.

Wengi wenu mnaikumbuka tarehe 28 Januari 2009, baridi ikiwa nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri, na Mzee Norbert akiwa juu ya greda tangu saa kumi na moja alfajiri ili basi la chuo lipite. Naibu mkuu wa chuo, Bwana Pruett, aliposhuka na kumshukuru, Mzee alimpa mkono akamwambia, "Njia ya kuja nimewafungulia. Ya kuondoka tutaona mtakavyosema." Walikula supu ya nyama ya porini na samaki wa moshi katika ukumbi wa michezo wa shule, kisha Bwana Pruett akasimama akaeleza kwa adabu kwamba chuo kinaipenda lugha yetu, lakini wanafunzi sita hawatoshi kuendesha kozi. Marehemu alimwacha amalize. "Ni sita," akasema, "kwa sababu mnataka mama wa watoto wanne aache watoto wake aje kukaa kwenu miaka minne. Sisi tulichukuliwa tukapelekwa mbali ili tusomeshwe. Hatutafanya hivyo tena kwa hiari yetu. Leteni darasa hapa." Bwana Pruett akauliza kama kuna uhakika wowote kwamba darasa hilo lingepata watu. Marehemu akageuka kwa umati, akasema kwa Kikrii, "Anayetaka kusoma asimame, na asiyetaka asisimame kwa kunionea huruma."

Walisimama watu ishirini na watatu, na wa mwisho kusimama, nyuma kabisa karibu na mlango, akiwa bado amevaa koti, alikuwa Rhoda, mwenye umri wa miaka arobaini na mitatu. Marehemu alimwona. Waliokuwa karibu naye wanasema aliacha kuhesabu akaketi, na Dokta Halloran ndiye aliyeendelea.

Pamoja na hayo yote, Aprili 2009 baraza lilijibu kwa barua ya mistari miwili kwamba ushauri umepokelewa na haukukubaliwa. Hapo ndipo wajumbe wote kumi na wawili, maprofesa na wazee, walipotia saini karatasi moja isemayo kwamba hawatakaa tena kikao hadi baraza likubali kuandika sababu zake kila linapokataa ushauri, na kwa miezi kumi na minne hawakukaa. Watu wa baraza walimpigia marehemu simu, wakamtumia wageni, wakampelekea zawadi ya blanketi, naye akalipokea blanketi na kuwaambia wageni, "Mkinikatalia, nikatalieni kwa sababu. Hata mtoto wa darasa la kwanza huambiwa kwa nini amekosa." Juni 2010 baraza lilipitisha kanuni kwamba kila ushauri wa kamati utajibiwa kwa maandishi, pamoja na sababu, ndani ya siku sitini, na lilipoketi kutafuta sababu za kukataa darasa la kijijini halikuzipata, na darasa likafunguliwa hapa tarehe 13 Septemba mwaka huo huo, likiwa na wanafunzi kumi na tisa.

Lazima pia niseme kuhusu mwaka 2011. Mzee Norbert aliugua mapafu tangu Agosti, na mapema Novemba marehemu alisita kwenda kikao cha kamati kilichokuwa kinashauri kama darasa lipewe mwaka wa tatu. Mzee alimwambia, "Nenda, Mena. Mimi siendi popote." Alikwenda, darasa likapita, na tarehe 9 Novemba akiwa njiani kurudi mumewe alifariki, saa mbili kabla hajafika mlangoni. Hakutafuta udhuru, hakulaumu barabara wala daktari, na kwa miezi kadhaa hakwenda popote isipokuwa makaburini na darasani, ambako aliketi nyuma akisikiliza wengine wakifundisha. Rhoda ndiye aliyemfuata siku moja akamwambia, "Mama, Baba alijua uko wapi, na alijua kwa nini. Mimi ndiye niliyechelewa kujua." Kikao cha Aprili walikwenda pamoja, Rhoda akiendesha gari.

Tarehe 30 Mei 2014 wanafunzi kumi na wawili wa darasa lile walihitimu, Rhoda akiwa mmoja wao, na leo, katika shule tano za ukanda huu, mtoto anayeanza darasa la kwanza anasalimiwa kwa Kikrii na mwalimu mwenye cheti.

Mwaka 2019 marehemu aligundulika kuwa na maradhi ya figo, akawa anasafirishwa mara tatu kwa wiki kwenda kusafishwa damu kwa mashine, na aliendelea kuhudhuria vikao kwa simu akiwa kitandani, akiwaomba wauguzi wapunguze mazungumzo kwa kuwa yuko kazini. Kazi yake ya mwisho ilikuwa ushauri wa kufungua darasa la pili huko Mdomo wa Mto, uliopelekwa kwenye baraza tarehe 12 Januari mwaka huu. Mwezi Februari, akiwa amelazwa hospitalini, aliomba arudishwe nyumbani, na Alhamisi, tarehe 3 Machi 2022, saa tatu asubuhi, akiwa na watoto wake wote wanne, alipumua kwa mara ya mwisho, akiwa na umri wa miaka sabini na tisa.

Jibu la baraza lilifika jana. Linasema hapana, na linatoa sababu tatu, katika kurasa mbili zilizoandikwa vizuri. Familia inamshukuru Dokta Pereira na wauguzi wa hospitali, muuguzi Colette wa kituo chetu cha afya aliyekuja nyumbani kila siku kwa miguu, majirani walioleta kuni, chai na samaki bila kuombwa, madereva waliofungua barabara wiki hii ili wageni wafike, wanafunzi wake wa miaka yote, na wajumbe wa kamati, ambao wamekubali kuketi kesho saa nne asubuhi katika ukumbi huu huu, kabla hawajarudi mjini, kwa sababu Rhoda na watu wa Mdomo wa Mto tayari wamekwisha kuijibu sababu ya kwanza, na wanahitaji msaada kwa hizo mbili zilizobaki.

Mama Philomena, binti wa Elzear na Justine, kikao chako kimefungwa. Pumzika, Mama, na amani ikae nawe.