Tone Chini ya Kitanda cha Maiti

Amani iwe kwenu, ndugu zangu. Sifa zote ni za Mola, aliyenisitiri nilipokuwa najificha na akaniokoa nilipofichuka.

Mimi ni mwosha maiti hapa Bagamoyo. Kwa miaka mitatu kabla ya vita vya Wadachi niliishi na aibu moja. Namaliza haja ndogo, natawadha, nasimama kuswali. Nikirukuu tu, tone la uvuguvugu linashuka pajani. Nakata swala, narudi chooni, nasimama tena, linashuka tena. Niliamini kuna kitu kinanifuata, maana kila mara kilingoja niiname. Mganga mmoja wa Zinga akanifunga hirizi kiunoni. Hirizi nayo ikalowa.

Niliogopa kaburi, ndugu zangu. Tumefundishwa kwamba asiyejilinda na mkojo huadhibiwa humo, na mimi makaburi nayajua.

Mchana mmoja tulimwosha jirani yetu, mimi na shemeji yangu Bakari. Mapazia yameshushwa, na chini ya kitanda umechimbwa ufuo wa kupokea maji. Tulimaliza, tukamkausha. Nikainama kumtia pamba, na sote wawili tukasikia tone likidondoka ndani ya ufuo. Bakari akampapasa maiti. Mkavu. Likadondoka la pili. Nami nikaona jicho moja la maiti limefunguka, linanitazama mimi.

Nilitoka nikaketi uani. Nikaapa siogeshi tena mtu. Bakari akanifuata, nikamweleza yote, wala hakucheka.

"Shemeji," akasema, "maiti unamkamua tumbo polepole, unangoja kilichobaki kitoke, ndipo unamwosha. Wewe mwenyewe unainuka mbio kama unafukuzwa. Nani akukamue wewe?"

Akanifundisha. Nikimaliza, nisiinuke. Nikohoe. Nibonyeze kwa vidole nyuma ya korodani, nisogeze taratibu kuja mbele mpaka kilichobaki kitoke. Nitembee hatua chache, kisha ndiyo nijisafishe.

Nikaenda chooni nikafanya hivyo. Nikarudi, nikainama juu ya maiti, nikasikiliza. Ufuo ulikuwa kimya. Nikalifumba lile jicho, likatulia.

Tangu hapo swala zangu zinafika mwisho, namshukuru Mola. Nawe unayejibanza safu ya nyuma kwa aibu kama yangu, mtegemee Yeye, kisha mwambie mwenzako. Usione haya. Siku moja utalazwa kwenye kitanda kile, nami nitakukamua tumbo, na hapo hutanificha kitu.