Dada Yetu Aliyeushusha Moto Hadi Chini ya Bomba

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia tunawasomea kwa kifupi maisha ya dada yetu, na tarehe zote tumezihakiki mara mbili, maana kosa la siku moja tu lingemtoa kwenye jeneza.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa tatu wa fundi saa na mkunga, akasoma shule ya msingi 1965 hadi 1971, sekondari hadi 1975, kisha chuo cha ufundi, alikopata cheti cha maabara tarehe 30 Novemba 1978.

Tarehe 2 Januari 1979 aliajiriwa katika maabara ya utafiti wa nishati, chumba namba nne, kazi yake ikiwa kuponda jiwe jeusi lenye mafuta, kulishindilia ndani ya bomba la chuma la mita tatu, kuliwasha kwa juu na kupuliza hewa, ili moto ushuke polepole ukiyasukuma mafuta yadondoke chini, kama ambavyo ingefanyika ardhini bila kulichimba jiwe lenyewe. Moto ulizimika katikati mara thelathini na nane, naye alirudi nyumbani ananuka lami, na kila aliyemuuliza kama mafuta yametoka alimjibu, "Yametoka, ya kupaka bawaba."

Tarehe 6 Oktoba 1984 alifunga ndoa na seremala, shemeji yetu huyu aliyekaa hapa mbele, wakajaliwa mabinti wawili, 1986 na 1989.

Mwaka 1991 mkuu wa idara, akitarajia wageni, alimtaka aandike kwamba moto ulifika mwisho wa bomba, naye akamwambia, "Andika wewe, mzee, mimi nimeuona ukizimika." Kwa neno hilo alihamishiwa stoo ya chupa miaka miwili na miezi minne, na huko, kwa hasira, akapekua mabaki ya mawe ya majaribio yaliyohifadhiwa humo hadi akang'amua kuwa ni vumbi lililokuwa likiziba njia ya hewa. Aliporudishwa aliomba chekeche la kutenga vumbi na mawe kwa barua saba, akanyimwa mara saba, mwishowe shemeji akamtengenezea la mbao na waya, na tarehe 9 Agosti 1994 moto ulishuka hadi chini, mafuta yakajaza chupa mbili. Taarifa ilitoka bila jina lake. Tumeandika barua mpaka tumechoka, hatujajibiwa, basi tunatamka hapa mbele yenu wote kwamba ni yeye.

Alistaafu tarehe 14 Machi 2013. Februari 2021 alianza kuugua kifua, madaktari wakakuta mapafu yamejaa makovu ya vumbi, tukamsihi apumzike, akawa anagombana na muuguzi aliyeandika joto lake thelathini na tisa badala ya thelathini na nane nukta saba. Alifariki tarehe 3 Juni 2022, saa nane mchana, mabinti zake wakiwa wamemshika mikono.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, hasa yule aliyekubali kufuta na kuandika upya, majirani waliotupikia na kutufulia, na wenzake wa chumba namba nne mliombeba leo.

Pumzika kwa amani, dada, tena safari hii pumzika kweli.