Mwalimu Kimya na Dakika Mbili Tulizomngoja

Wasifu huu ulipaswa kuwa wangu, na yeye ndiye ausome, maana mwenye presha ni mimi. Ndugu, jamaa na marafiki, dada yetu tunayemzika leo, Alhamisi iliyopita saa nne asubuhi alikuwa akinigombeza kwa kuchelewa mazoezini.

Alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Mei 1963, kifungua mimba wa fundi cherehani na mkunga. Alikulia katika chumba cha nyuma ya duka la baba. Kunyamaza alijifunzia huko, kwa sababu baba akipima gauni la bibi harusi hakutaka hata mtu apige chafya.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli, akamaliza sekondari mwaka 1981, kisha akaingia chuo cha ualimu. Chuoni alikuta fidla kuukuu kabatini, haina mwenyewe, akaiomba. Alifundisha hesabu kwa miaka thelathini na mmoja.

Tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi saa, ambaye baadaye alijifunza kinanda cha kale ili asiwe anaachwa nyumbani jioni. Walijaliwa mabinti wawili.

Kikundi chetu cha watu saba alikianzisha mwaka 1994, katika maktaba ya shule. Tulipiga muziki uliotungwa zaidi ya miaka mia tatu iliyopita, kwa ala za aina ileile ya wakati huo, na kwa namna wenyewe walivyopiga. Nyuzi zilikuwa za utumbo wa kondoo; mvua ikinyesha zinalegea, jua likiwaka zinakatika. Jirani alimwuliza, "Mwalimu, kwani za chuma zimeadimika?" Akamjibu, "Zipo tele. Ila mtu akikuandikia barua, unaisoma alivyoiandika." Siku moja paka wa bawabu wa shule alikula uzi wake mnene dakika tano kabla ya onyesho. Tukamshauri asingizie homa. Yeye akasimama mbele ya watu akasema, "Samahanini, uzi umeliwa na paka. Naomba nusu saa." Fichaficha hakuitaka. Njia ya mwongo ni fupi, alituambia, na bado utairudi kwa miguu.

Kwenye nafasi ya ugonjwa sina cha kuandika. Hakuumwa.

Kikundi chetu hakina mtu wa kusimama mbele na kifimbo. Kabla ya kila wimbo dada aliweka upinde wa fidla juu ya nyuzi, akainamisha kichwa, akasikiliza chumba mpaka hata viti viache kulia. Ndipo tulipompa jina Mwalimu Kimya. Mpaka ainue kidevu, kukohoa ilikuwa mwiko. Alhamisi tarehe 6 Machi 2025 aliinamisha kichwa, tukangoja. Niliona upinde ukimteleza mkononi, nikadhani ananikomoa kwa kule kuchelewa. Tukazidi kungoja, mumewe vidole viko juu ya kinanda. Ni bawabu, aliyekuwa akipita na ndoo yake, aliyesema, "Jamani, huyu mama mbona hainuki?"

Daktari alisema moyo ulisimama ghafla. Binti yake mdogo ameniuliza mara tatu, "Mjomba, mlikaa muda gani?" Mara zote tatu nikajifanya napokea wageni. Jana shemeji aliichukua rasimu hii akaandika chini yake kwa kalamu: "Mwambie. Mama yake angesema."

Mwanangu, zilikuwa dakika mbili. Saa ya ukutani ilikuwa mbele yangu, niliitazama huku nikiwaza chakula cha mchana. Nimemwuliza daktari kama dakika hizo zingemwokoa, akasema hajui. Mimi pia sijui, na inaniuma. Nisamehe.

Marehemu ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu wa miezi minane, mimi mdogo wake, na wapigaji wenzetu wanne. Tukishamaliza kuweka udongo tutaupiga ule wimbo wa Alhamisi. Hakuna atakayeinamisha kichwa. Nimemwomba binti yake mdogo atuanzishe, na amekubali. Akisema "Anzeni," tutaanza palepale.

Dada yetu na apate kimya alichokipenda, na amani ndani yake.