Taa ya Manjano Niliyoifunika

Bwana asifiwe, wapendwa. Mwenyekiti amenipa dakika kumi, na amekaa pale mbele akiangalia saa. Zamani ningejiuliza kwa nini anataka nimalize haraka, anaogopa niseme nini. Cheka tu, Mama, lakini hivyo ndivyo nilivyokuwa. Ukinisalimia mara mbili kwa siku moja, nilianza kutafuta unataka nini kwangu.

Hapa sitataja jina la mtu hata mmoja. Kuna sababu, nitaisema mwishoni.

Mimi ni mtu wa Pap Onditi, wengi wenu mnajua. Nilikuwa msimamizi wa kompyuta katika hospitali moja hapa mjini. Sasa nyinyi mkisikia kompyuta mnafikiria ile ya mezani. Ya kwangu ilikuwa seva, sanduku refu la chuma kwenye chumba kidogo nyuma ya maabara. Ndani ya seva hiyo moja tunatengeneza kompyuta nane zisizoshikika kwa mkono, zinaitwa mashine pepe. Msishtuke, hakuna pepo wa kukemea hapo. Fikirieni ploti moja yenye nyumba nane za kupanga. Mpangaji huyu ni usajili, yule ni maabara, yule ni wodi ya akina mama, kila mmoja ana mlango wake. Lakini bomba la maji ni moja, na mita ya stima ni moja.

Basi tukaletewa dada mmoja wa kunisaidia, msichana wa Ahero. Alikuwa mwepesi wa kazi na wa maswali. Hii kwa nini iko hivi? Ile uliiangalia lini? Mimi nikajiambia, huyu ametumwa. Mtu hawezi kuuliza hivyo bila kutaka kiti changu. Nikaanza kumjibu nusu nusu.

Siku moja asubuhi tulikuwa na wageni, bodi nzima inakuja kutembezwa. Naingia chumbani, nakuta taa ya manjano inawaka mbele ya seva. Taa hiyo haisemi ugonjwa ni nini. Inasema tu, njoo uniangalie. Na wageni wako kwenye korido, nawasikia sauti. Ndugu zangu, nawaambia ukweli mbele za Mungu, nilichukua tepu nyeusi ya mafundi wa stima, nikakata kipande kama ukucha wa kidole gumba, nikakibandika juu ya ile taa. Nikasema nitaangalia wakiondoka. Wageni wakanisifu, wakanipa mkono, tukanywa soda. Nikasahau. Seva pia hutuma ujumbe kwa simu ikiona shida, lakini nilikuwa nimezima sauti ya ujumbe huo zamani, maana ulikuwa unakuja hata kwa vitu vidogo.

Wiki iliyofuata, Jumatatu, mashine pepe zote nane zikazima kwa mpigo. Zikarudi zenyewe baada ya dakika chache. Alhamisi tena. Jumatatu tena. Na kliniki ya akina mama ni Jumatatu na Alhamisi, kwa hiyo mnaweza kuona picha. Akina mama wamejaa mpaka nje, kadi mkononi, watoto wanalia, na pale dirishani anaambiwa subiri, mtandao umepotea. Muuguzi mmoja alirudi kuandika kwenye daftari la shule. Mama mjamzito alipimwa damu mara mbili kwa sababu majibu ya kwanza hayakuonekana. Alinyoosha mkono achomwe tena. Mimi nilikuwa nimesimama pale, na mpaka leo nauona ule mkono.

Nikadhani ni programu. Nikasasisha kila kitu, nikafuta, nikaweka upya. Wapi. Sasa mtu mwenye akili angejiuliza, wapangaji wanane wakikosa maji dakika ile ile, utamkagua mpangaji au utaenda kwenye bomba? Mimi nilienda kwa wapangaji. Kisha nikaangalia nani alikuwa ameingia kwenye mfumo kila mara ulipozima. Jina la yule dada. Jumatatu, yeye. Alhamisi, yeye. Nikasikia raha, wapendwa. Naona aibu kusema, lakini nilisikia raha.

Nikaanza kumvizia. Nilikuwa na kijitabu, nikaandika amepita karibu na mlango saa nne, amecheka na mtu wa maabara, amefunga kompyuta yake nilipoingia. Akininunulia chai sinywi. Nikabadilisha kufuli la chumba cha seva, ufunguo nikauvaa shingoni. Hata mama wa usafi nikamkataza kuingia, maana nani anajua kama hawajaelewana? Mama akaniuliza, "Sasa Mzee, hapo ndani nani atapangusa?" Nikamwambia hayo hayakuhusu. Mama huyo yuko kati yetu leo, na anajua ninamzungumzia nani.

Mke wangu akaona ufunguo shingoni hata nikioga. Akasema, "Baba watoto, ukimaliza huko utakuja kutuwekea kufuli hata kwa sufuria." Nikawaza, huyu naye ameongea na nani?

Nikaandika ripoti kwa bosi. Fomu yetu ya hitilafu ina nafasi ya chanzo. Wengine huandika feni, waya, programu. Mimi niliandika jina la mtu, jina lake kamili, mara nne katika ukurasa mmoja. Bosi akauliza, "Una hakika?" Nikasema mia kwa mia. Yule dada akaambiwa akae nyumbani mpaka kikao cha nidhamu. Na hospitali ni kijiji, nyinyi mnajua. Kabla hajafika geti, jina lake lilikuwa jikoni, lilikuwa kwa duka la dawa, lilikuwa kwa watu wa bodaboda. Akirudisha kitambulisho cha kazi alinitazama, akauliza swali moja tu: "Lakini mashine yenyewe umeifungua ukaiangalia?"

Nikajua ni mtego. Anataka nifungue chumba.

Alhamisi ile, yeye yuko kwao Ahero, mashine zote zikazima. Hapo mngefikiria nitastuka. Thubutu! Nikasema, kumbe aliacha kitu ndani kabla hajaondoka. Nikaandika ripoti ya pili. Siku tatu nikatafuta mtego wake kwenye programu, mstari kwa mstari, macho mekundu, sili vizuri. Kila nilipokosa kuuona nilisema, msichana huyu ni hatari, amejua kuuficha. Kukosa ushahidi kukawa ndio ushahidi.

Kikao kilikuwa kiwe Jumatano. Jumanne asubuhi bosi akaja mwenyewe, amefunika pua. Chumba changu kilikuwa kinanuka mpaka maabara, harufu kama ya omena, wale dagaa wa ziwani, iliyonyeshewa. Mnajua wale wadudu wadogo wa ziwa wanaokuja kama moshi, wakiona taa wanaifuata. Dirisha la chumba lile halifungi vizuri, na taa ya ndani sikuwa nazima. Zamani mama wa usafi alikuwa anawafagia kila asubuhi. Sasa zilikuwa zimepita wiki nyingi tangu nimfungie nje. Bosi akasema, "Fungua. Mama aingie sasa hivi."

Nikafungua, nikasimama nyuma yake nikimlinda, eti asiguse kitu. Mama akafagia, akajaza ndoo. Kisha akainama mbele ya seva, mahali inapovutia hewa, akasema, "Mzee, njoo uone. Mashine yako imekula wadudu mpaka imevimbiwa." Nikainama. Matundu yote yalikuwa yamezibwa, kitu kizito cheusi kama blanketi. Feni mbili zimesimama kabisa. Akapitisha kitambaa, na kitambaa kikatoka na kile kipande cha tepu.

Taa ya manjano ikanitazama.

"Na hii nayo ni ya nini?" Mama akauliza.

Nilikaa chini pale pale kwenye wadudu, na suruali ya kazi.

Mama alipotoka kumwaga ndoo, nikafungua kumbukumbu ambayo seva hujiandikia yenyewe ndani ya chuma, ile ambayo sikuwa nimeigusa kwa sababu nilikuwa nawinda mtu. Yote yalikuwa yameandikwa. Feni ya kwanza imesimama, siku ile ya wageni; ya pili, wiki ile niliyomfungia Mama nje. Joto limepanda. Joto limezidi. Imejizima. Halafu tena, na tena, Jumatatu na Alhamisi. Kwa nini siku hizo? Kwa sababu kliniki imejaa, mashine pepe zote zinafanya kazi kwa nguvu, chuma kinachemka na hakina hewa. Na yule dada aliingia kwenye mfumo siku hizo kwa sababu ndizo siku alizopangiwa kusaidia usajili. Nani alimpangia? Mimi.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo shetani alinikuta. Nilishika ile tepu kwenye vidole. Nikafikiri, nasafisha, naweka feni mpya, mashine zinapona, kesho kikao kinaendelea. Hakuna atakayejua. Mama hajui tepu ni ya nini. Nikainuka, nikaenda kwa pipa la taka.

Mama akarudi na ndoo tupu. Akaniambia, hata hakuwa ananilaumu, alikuwa anapiga tu hadithi: "Yule msichana wetu wa Ahero, kila siku alikuwa ananiuliza, Mama, wamekuruhusu kupangusa kule ndani? Ilikuwa inamsumbua sana."

Nikalia. Mwanaume mzima, mbele ya ndoo.

Mchana huo niliandika ripoti ya tatu. Kwenye kifaa niliandika feni mbili, zimezibwa na wadudu. Kwenye dalili nikaandika joto, na nikaambatisha ile kumbukumbu yote. Kwenye chanzo nikakaa muda mrefu na kalamu. Kisha nikaandika: mimi nilifunika taa ya onyo, mimi nilizima sauti ya ujumbe, mimi nilimzuia msafishaji. Nikatia sahihi, nikaibandika ile tepu chini yake.

Siku ya kikao yule dada alikuja na babake, mzee wa shamba la mpunga, amevaa koti licha ya joto lile. Nilisoma ripoti nimesimama. Nilipomaliza, mzee aliuliza swali moja kwa upole, kama aliyekosa kusikia: "Kwa hiyo mtoto wangu hakufanya kitu?" Nikasema, "Hakufanya kitu, Baba." Akavua koti lake, akalikunja, akaliweka magotini. Hakuna aliyenitukana siku ile. Ningependa wangenitukana.

Nilipewa onyo la mwisho, nikaondolewa kwenye usimamizi. Nikanyang'anywa ufunguo. Nikaacha kuja hapa kanisani, maana niliona kila mtu anajua. Ninyi mkanifuata nyumbani, na ninakiri, mara ya kwanza niliwachungulia dirishani nikijiuliza nani amewatuma. Mlikaa nje mkaimba mpaka nikaona aibu kwa majirani, nikafungua. Erokamano ahinya, asanteni sana. Asante mke wangu kwa kunivumilia mimi na kufuli zangu. Asante Mama, na samahani, mbele ya watu wote.

Yule dada alirudi kazini, na sasa yeye ndiye msimamizi wangu. Ufunguo umetundikwa kwenye msumari kando ya mlango. Kila asubuhi naanza kwa kuangalia taa kwa macho yangu, naipima kwa mkono hewa inayotoka, nasoma kumbukumbu ya chuma, ndipo naenda kwa programu. Nikiona shida naiandika ilivyo, hata kama ni yangu. Kushuku sijaacha, nisiwadanganye. Nimebadilisha tu mahali pa kuanzia, siku hizi naanza na mikono yangu mwenyewe. Nawaomba na ninyi mkirudi nyumbani, kabla ya kumtuhumu mtu, muangalie kama kuna taa mliifunika siku ya wageni.

Sasa ile sababu. Wiki jana nilimwendea, nikamwomba ruhusa nije niseme haya. Hajanisamehe vizuri bado, tunaongea ya kazi tu. Hakuinua macho kwenye kompyuta. Akasema, "Nenda useme. Lakini jina langu usiliseme. Ulishalisema ya kutosha."