Nice wa Moshono

Kisa hiki alikisimulia kwanza Hans muuza spea, Pasaka ya mwaka 2018, nasi tunakitunza kama alivyokisema. Kijiwe cha kahawa cha Levolosi kilikuwa na benchi moja, na Jumamosi ile Elimringi hakuweza kulikalia. Anakaa, anainuka, anachungulia simu. Kesho yake binti yake wa kwanza alikuwa abatizwe kwa jina la bibi yake, yaani mama mzazi wa Elimringi: Nice. Na asubuhi hiyo Hans, waliyemwita Profesa, alikuwa amesoma mtandaoni kwamba neno hilo, ambalo leo kwa Waingereza ni “zuri”, zamani sana lilimaanisha mpumbavu.

— Profesa, umesoma vizuri? Elimringi aliuliza.

— Mara mbili, kaka. Mpumbavu. Baadaye likawa mtu wa kuchaguachagua. Uzuri umekuja mwishoni.

— Haba na haba hujaza kibaba, alisema Dismasi, aitwaye Jaji kwa kupenda kukata mashauri.

— Kibaba kimeingiaje hapo?

— Maneno ya Mzungu ni mitumba, mdogo wangu. Anavaa kwanza yeye. Likimchosha, analifunga kwenye robota. Wewe unabatizia mtoto!

— Lakini sasa hivi ni zuri, Jaji.

— Sasa hivi! Lililogeuka mara mbili litashindwa ya tatu? Mtoto yuko kidato cha pili, Waingereza wanakaa kikao, wanalirudisha kulekule. Darasa zima kicheko.

— Wanakaa kikao?

— Ulidhani yanageuka yenyewe? Kuna ofisi.

Profesa akaongeza kwamba huenda ndiyo maana wenye jina hilo hunyimwa viza. Elimringi akainuka tena.

— Basi aitwe Sia. Nampigia mchungaji.

— Mficha uchi hazai, Jaji akabariki.

Nanyori, mama muuza maziwa, alikuwa ndiyo kwanza ametua galoni lake aonje kahawa.

— Habari zenu, baba zangu. Huyo bibi mwenye jina bado yupo?

— Yupo Moshono. Ameshashona na kitenge cha kesho.

— Sasa nani anakwenda kumwambia?

Profesa akatazama simu yake. Jaji akaomba kashata. Muuza kahawa akainamisha birika, lilikuwa tupu. Elimringi akakaa, simu akairudisha mfukoni.

Jaji alifariki mwaka 2021. Hans, Elimringi na Nanyori wapo. Nice wote wawili wapo pia, na mkubwa ndiye anayemsuka mdogo nywele.